Bure si huria: jinsi ya kujua programu uliyonayo ni ya aina gani

Ukipewa lifti kutoka Morogoro kwenda Dar es Salaam hulipi nauli, lakini dereva ndiye anayechagua njia, ndiye anayeamua mtasimama wapi, na akibadili nia anaweza kukushusha Chalinze. Umesafiri bure, ila hukuwa huru. Kiswahili kina maneno mawili kwa mambo haya mawili, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Waingereza wanalo moja tu, free, ndiyo maana watu wa programu huko kwao wamehangaika miaka 40 kuelezana tofauti. Ajabu ni kwamba sisi wenye maneno mawili, tukifika kwenye kompyuta tunabaki na moja: "Fundi, hiyo programu ni ya bure?"

Ninatengeneza kompyuta za stesheni (maduka ya kuchapa na kutoa nakala), shule na vikoba, na swali hilo naulizwa karibu kila siku. Nalijibu, lakini ningependa niulizwe jingine: hii programu inaniruhusu kufanya nini? Bei utaijua leo dukani. Ruhusa utaijua siku mambo yatakapoharibika, na siku hiyo huwa umeshachelewa. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuijua mapema, kwa kompyuta uliyonayo sasa hivi, bila kuwa mtaalamu.

Hatua ya 1: Bonyeza seli

Fungua jedwali lolote la hesabu, liwe la hisa za kikoba au la alama za wanafunzi. Bonyeza seli yenye jumla. Ndani ya seli kuna 540,000. Tazama juu, kwenye mstari wa fomula: =SUM(C4:C21). Namba ni matokeo, fomula ndiyo maelekezo yaliyoizaa.

Programu yoyote ina pande hizo mbili. Huandikwa kwanza kwa maandishi ambayo mtu aliyejifunza anaweza kuyasoma, mstari baada ya mstari. Hayo ndiyo msimbo chanzo. Kisha maandishi hugeuzwa kuwa namba za kutekelezwa na mashine, na hapo macho ya binadamu hayaambulii kitu. Faili la .exe unalopakua, au la .apk unalorushiwa na rafiki, limejaa namba hizo.

Sasa turudi kikobani. Katibu anaweza kuwatumia wanachama jedwali lile kwa njia tatu. Ya kwanza, analigeuza kuwa PDF: mnaiona jumla, mnaiamini. Ya pili, anatuma faili lenyewe likiwa limefungwa kwa nywila, na maneno "mtazame tu, msibadilishe wala msimpe mtu": fomula mnaziona, lakini mkikuta kosa mnamsubiri yeye. Ya tatu, anatuma faili wazi na kusema chukueni, kagueni, rekebisheni, na kikoba cha jirani kikilitaka kipeni.

Nimewahi kuwa kwenye kikoba ambacho fomula ya jumla iliishia C19. Wanachama tulikuwa 18, na wawili wa mwisho waliachwa nje ya hesabu kwa miezi mitano. Hakuna aliyeiba. Wale wawili walijiunga baadaye, mweka hazina akasahau kuivuta fomula hadi kwenye mistari yao. Aliyegundua ni mama mmoja muuza vitenge. Alibonyeza seli kwa sababu tu faili liliruhusu kubonyezwa, akauliza, "Mbona inaishia kumi na tisa?" Kwa PDF tungefika mwisho wa mzunguko na kugawana ugomvi.

Njia ya kwanza ni programu iliyofungwa. Ya tatu ni programu huria. Ya pili ndiyo inayowapoteza wengi, nami nitairudia mbele.

Hatua ya 2: Zishike ruhusa nne

Kila mwenye stesheni anaijua hasira ya karatasi kukwama kwenye printa huku wateja wamepanga foleni. Hasira hiyohiyo ndiyo iliyochochea mambo haya yote. Karibu na mwaka 1980, maabara ya akili unde ya chuo cha MIT nchini Marekani ilipewa printa ya leza na kampuni ya Xerox. Ilikuwa ghorofa nyingine, na karatasi zilikwama mara kwa mara. Mwandishi wa programu hapo, Richard Stallman, alikuwa ameirekebisha programu ya printa ya zamani ili iwaarifu watu karatasi inapokwama. Akataka kufanya vivyo hivyo kwa hii mpya, ikawa imekuja bila msimbo chanzo. Alipomfuata mtu aliyekuwa nao akanyimwa, kwa kuwa mtu huyo alikuwa ameahidi kutomwonyesha yeyote. Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, wa kuandika mfumo mzima wa kompyuta ambao hautamnyima mtu ruhusa hiyo.

Ruhusa zenyewe ni nne. Kuitumia programu kwa kazi yoyote. Kuuchunguza msimbo wake na kuubadilisha ukufae. Kumpa mwingine nakala. Na kumpa mwingine nakala uliyoirekebisha wewe. Ikipungua moja, programu hiyo si huria, hata kama ni bure, hata kama ni nzuri, hata kama imetengenezwa na watu wema.

Angalia kwamba bei haijatajwa popote. Unaruhusiwa kuiuza programu huria. Red Hat ya Marekani ilijenga biashara yake juu ya Linux, mfumo huria wa kompyuta ambao yeyote anaweza kuupata bila malipo. Ilichouza ni huduma: matengenezo, uhakika, na mtu wa kumpigia simu usiku. IBM ilipokamilisha kuinunua mwaka 2019 ililipa dola bilioni 34.

Programu hizi huitwa pia za chanzo huria. Jina hilo lilipendekezwa mwaka 1998 na Christine Peterson, na mwaka huohuo shirika la Open Source Initiative likaundwa na kuweka vigezo 10 vya leseni, yaani hati inayosema programu inakuruhusu nini. Viwili kati ya hivyo ningependa uvikumbuke kwa sababu ni vya kutumia kila siku: leseni isimbague mtu yeyote, na isizuie aina yoyote ya kazi. Kwa hiyo ukikuta "kwa matumizi binafsi tu, si ya biashara", hapo hapo ujue si huria. Na kama una stesheni, ujue pia kwamba wewe ni biashara.

Ruhusa ya nne tuliiona ikifanya kazi hapa nyumbani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi, iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Hawakuhitaji kuandika barua kwa kampuni ya Marekani na kusubiri ione kama soko la Waswahili linalipa. Leseni ilikuwa imekwisha kuwaruhusu. Kila ninaposikia mtu akisema programu huria ni mambo ya wazungu wapenda kompyuta, huikumbuka kazi ile ya Mlimani.

Hatua ya 3: Itafute leseni kwenye kompyuta yako

Chukua karatasi, andika programu kumi unazozitumia zaidi. Kisha zifungue moja moja. Nitakuonyesha chache.

VLC, ile ya kutazamia video: nenda menyu ya Help, kisha About, halafu bonyeza License. Utaona maandishi yanaanza na GNU General Public License (kwa kifupi GPL), toleo la 2, Juni 1991. Hiyo ni huria. Firefox: andika about:license pale unapoandika anwani. Utakuta Mozilla Public License, nayo ni huria. LibreOffice, ile ya barua na majedwali: Help, kisha License Information.

WinRAR haikusumbui kuitafuta, inajileta yenyewe. Kila ukiifungua baada ya siku 40 inakukumbusha kwamba muda wa majaribio umekwisha na unatakiwa kununua. Watu wamebonyeza "funga" kwenye kidirisha hicho kwa miaka 15 wakiamini wana programu ya bure. Hawana. Wana programu ya kulipia ambayo mwenyewe hajawabana. Ukitaka ya kufungua mafaili ya .rar bila deni, 7-Zip ipo na inafanya kazi hiyo.

Chrome itakuchanganya, kwa hiyo kaa nayo kidogo. Andika chrome://credits na utaona orodha ndefu ya vipande huria vilivyomo ndani yake. Ukiishia hapo utasema Chrome ni huria. Sasa andika chrome://terms: hayo ndiyo masharti ya Chrome yenyewe, na ni ya Google. Chromium, mfupa ambao Chrome imejengwa juu yake, ndiyo huria. Android nayo ni hivyohivyo. Kiini chake ni Linux, yenye leseni ya GPL. Sehemu kubwa ya juu ina leseni ya Apache. Lakini Play Store, Ramani za Google na vinginevyo vilivyokuja na simu vimefungwa. Kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kuhusu simu, upande wa maelezo ya kisheria, kuna orodha ya leseni ndefu kuliko utakavyoweza kuisoma.

Ukiwa na Ubuntu au Linux Mint, mifumo ya Linux inayowekwa badala ya Windows, kazi ni nyepesi zaidi. Fungua kabrasha la /usr/share/doc na ndani yake utakuta kabrasha la kila programu iliyowekwa, lenye faili liitwalo copyright. Hapo pameandikwa nani aliiandika na kwa leseni gani.

Maneno ya kutafuta: GPL, LGPL, AGPL, MPL, MIT, BSD, Apache. Ukiona mojawapo likitajwa kama leseni ya programu yenyewe, na si ya kipande tu ndani yake, ni huria. Ukiona EULA (mkataba wa mtumiaji), au katazo la kuifumua programu ujue inavyofanya kazi, au idadi ya kompyuta unazoruhusiwa kuiwekea, imefungwa. Tahadhari moja: maneno "All rights reserved" peke yake si ushahidi. Leseni nyingi za BSD huanza nayo, kisha zikakupa karibu kila kitu.

Hatua ya 4: Zipange mafungu

Fungu la huria lina koo mbili, na tofauti yake itakugusa siku ukiajiri mtu akutengenezee kitu. Ukoo wa GPL una sharti la urithi: ukiirekebisha programu na kuigawa, lazima unayempa apate msimbo chanzo na ruhusa zilezile ulizopata wewe. Hakuna kuufunga uhuru njiani. Ukoo wa MIT, BSD na Apache hauna sharti hilo. Chukua, changanya, funga, uza, mradi utunze majina ya walioandika na maneno ya leseni. Mimi moyo wangu uko kwa GPL, kwa sababu nimeona jinsi kitu cha wote kinavyogeuka cha mmoja bila mtu kugundua. Lakini fundi anayetengeneza programu ya kuuza ana sababu za haki za kuchagua MIT, wala simlaumu.

Fungu la pili ni za bure zilizofungwa: Chrome, WhatsApp, Adobe Reader. Hulipi, huoni ndani, na mwenyewe akibadili masharti huna la kufanya ila kukubali au kuondoka. Lifti ya Chalinze.

Za majaribio na za kulipia unazijua. Niongeze tu kwamba kulipia si dhambi, na programu iliyofungwa si lazima iwe mbaya. Mhasibu aliyezoea Excel miaka 20 analipia kitu kinachomrudishia pesa yake. Ninachotaka ajue ni kwamba hajanunua programu, amenunua ruhusa ya kuitumia. Na siku hizi ruhusa yenyewe mara nyingi ni ya kukodi: Adobe walihamishia Photoshop kwenye malipo ya kila mwezi mwaka 2013, na usipolipa mwezi huu mlango hufungwa.

Kuna za mtandaoni, kama Gmail, Google Docs au Canva. Hizi kompyuta yako hata haina nakala. Unaongea na programu iliyo kwenye seva ya mtu mwingine. Hapa swali la msimbo linatanguliwa na jingine: je, naweza kuchukua vitu vyangu vyote nikaondoka? Tafuta kitufe cha kupakua kazi zako zote kabla hujaweka kadi 300 za harusi humo.

Sasa lile fungu la kupoteza watu, la tazama-usiguse. Msimbo umewekwa hadharani, unausoma wote, lakini leseni inakunyima mojawapo ya ruhusa nne, kwa kawaida ile ya kuitumia kwa kazi yoyote, hasa ya biashara. MongoDB, wenye hifadhidata ya jina hilo, walihamia leseni ya namna hiyo mwaka 2018. Terraform ya HashiCorp, programu ya kusimamia seva, iliyokuwa huria kwa miaka ikafuata Agosti 2023, na walioikataa hatua hiyo wakachukua toleo la mwisho lililokuwa huria na kuliendeleza kwa jina la OpenTofu. Tukio hilo linafundisha kuliko maelezo yoyote: mwenye programu anaweza kufunga matoleo yajayo, lakini nakala uliyokwisha pewa kwa leseni huria hawezi kukunyang'anya. LibreOffice yenyewe ilizaliwa hivyo mwaka 2010, baada ya OpenOffice kuangukia mikononi mwa kampuni ya Oracle.

Mwisho kuna mali ya umma, ambapo mwandishi ameachia haki zote. Mfano ni SQLite, hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya kila simu ya Android na iPhone. Yawezekana ndiyo programu unayoitumia zaidi maishani, na hujawahi kuisikia.

Na zile zilizovunjwa kufuli? Hizo hazina fungu. Windows iliyowekwa kwa elfu kumi mtaani haijawa huria kwa kuibiwa. Ni programu iliyofungwa ambayo huna haki nayo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na programu za kompyuta zimo ndani yake. Lakini hata kabla ya sheria, tazama kinachotendeka mbele ya macho yako: fundi anakuambia, "Zima kwanza antivairasi, itaisumbua hii." Anakuomba umfungie mbwa ndani ili mgeni asiyemjua apite. Nimefuta mafaili mengi ya shule na ofisi yaliyofungwa na virusi vya kudai pesa, na mara nyingi mlango ulikuwa ni huo.

Hatua ya 5: Usidhani huria ni salama kwa kuwa ni huria

Msimbo kuwa wazi maana yake unaweza kukaguliwa. Haimaanishi kuna aliyeukagua. Aprili 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, ilikuwa na tundu lililokaa miaka miwili bila kuonekana. Likapewa jina la Heartbleed. Upande wa pili, Machi 2024, mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta yake kwa SSH, njia ya kuingia kompyuta ukiwa mbali nayo, kunachelewa karibu nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mtu aliyejipatia uaminifu kwa miaka ameingiza mlango wa siri kwenye xz, programu huria ya kubana mafaili. Kama msimbo ungekuwa umefungwa, nusu sekunde ile asingekuwa na pa kuifuatilia.

Kwa hiyo kabla ya kupakua, angalia mambo mawili: toleo la mwisho lilitoka lini, na unapakua kutoka wapi. Programu isiyoguswa miaka sita iache. Pakua kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye tovuti zenye vitufe vitano vya kijani vya kupakulia. Kwa simu za Android kuna F-Droid, duka la programu huria tupu.

Hatua ya 6: Hama programu moja moja

Nimeona watu wakisoma makala kama hii, wakapatwa na ari, wakafuta Windows Ijumaa jioni. Jumatatu wateja wamejaa na printa haijulikani. Usifanye hivyo.

Anza kuweka programu huria ndani ya Windows yako hiyohiyo. LibreOffice kwanza. Itumie mwezi mzima kwa kazi za kweli, huku ya zamani ikiwa bado ipo. Shida ya kwanza utakayokutana nayo ni fonti. Mteja analeta CV ya ukurasa mmoja aliyoiandika kwa Calibri, unaifungua kwenye mashine isiyo na Calibri, mstari mmoja unasukumwa chini, sahihi inaangukia ukurasa wa pili. Mteja anasema programu yako mbovu. Si programu. Kuna fonti huria zilizochongwa kwa upana uleule, herufi kwa herufi: Carlito badala ya Calibri, Caladea badala ya Cambria, na familia ya Liberation badala ya Arial, Times New Roman na Courier New. Kwenye Ubuntu au Mint weka kifurushi cha fonts-crosextra-carlito, fungua tena CV ileile, na sahihi itarudi mahali pake. Nimeshinda mabishano mengi ya stesheni kwa kifurushi hicho kimoja.

Kadi za michango zilizotengenezwa kwa Publisher ni ngumu zaidi. LibreOffice Draw hufungua mafaili ya .pub, lakini mapambo husogea. Ushauri wangu ni kuzimaliza za zamani palepale zilipo, na kadi mpya uzianzie kwenye Inkscape au Scribus, programu huria za kuchorea na kupanga kurasa.

Ukishazoea, ndipo ufikirie mfumo mzima. Sababu ipo: Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za mtumba tulizonazo hazina vinavyotakiwa na Windows 11. Linux Mint inazipa uhai mwingine. Tafuta flashi ya GB 8, pakua faili la .iso, lililobeba Mint nzima, ukiwa mahali penye intaneti ya uhakika maana litakula GB kadhaa za bando, kisha hakiki kwamba limefika zima. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Mfuatano wa herufi unaotoka lazima ulingane na ulioandikwa kwenye tovuti ya wenyewe. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa kompyuta kupitia flashi, na Mint itafunguka bila kugusa diski. Hapo ndipo ujaribu kila kitu chako: Wi-Fi, sauti, skana, na zaidi ya vyote printa. Chapisha karatasi tano. Kama printa imekataa kwenye flashi, huenda ikakataa pia baada ya kusakinisha, na ni heri ujue sasa.

Kama kuna programu moja ya kazi inayotaka Windows tu, acha kompyuta moja ibaki na Windows halali. Hakuna aibu katika hilo.

Hatua ya 7: Ukiagiza programu ya kwako

Hii ndiyo hatua iliyonifanya niandike yote haya. Shule moja ya sekondari ilimlipa mtu aitengenezee mfumo wa matokeo na ada. Ulifanya kazi vizuri kwa miaka miwili. Januari ya mwaka wa tatu, wiki ya kupokea wanafunzi, mfumo ukafunguka na kidirisha kimoja tu: muda wa matumizi umekwisha, wasiliana na mtengenezaji. Simu ya mtengenezaji haikupatikana. Niliitwa. Mwalimu wa taaluma alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, daftari la ada pembeni, wazazi wamejaa kwenye veranda. Akaniuliza, "Fundi, si data ni zetu?" Data zilikuwa zao. Lakini zilikuwa zimefungwa ndani ya mfumo ambao msimbo wake hawakuwahi kuuomba, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba huombwa. Walirudia kuingiza kumbukumbu za wanafunzi kwa mkono, kutoka kwenye karatasi, kwa muhula mzima.

Kwa hiyo, kabla ya kuagiza, uliza kwanza kama kuna kilichopo tayari. Takwimu za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hupita kwenye DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. OpenMRS ya kumbukumbu za wagonjwa ilianza 2004, na miongoni mwa mahali ilipokomalia ni Eldoret na Rwanda. Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za matukio na kuziweka kwenye ramani, ulianzishwa kwa ajili ya Kenya Januari 2008, ndani ya siku za vurugu za uchaguzi, na msimbo wake ukaachwa huria, ukatumika mbali sana na Kenya. Mtaalamu wa hapa anaweza kuchukua mfumo wa namna hii na kuurekebisha, nawe utamlipa kwa kazi yake, ambayo ni haki yake.

Kama hakuna, basi agiza, lakini mkataba useme mambo haya kwa maneno haya: msimbo chanzo wote utakabidhiwa kwa mnunuzi pamoja na maelezo ya kuusakinisha; mnunuzi ana haki ya kuurekebisha au kumpa fundi mwingine aurekebishe; data zote zitaweza kutolewa wakati wowote katika faili la CSV (jedwali la maandishi matupu); na mfumo hautakuwa na kufuli la tarehe. Gawa malipo mara tatu. Ya mwisho usiyatoe mpaka fundi mwingine, asiyemjua wa kwanza, achukue flashi yenye msimbo huo, akae kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuuona, afuate maelezo yaliyoandikwa peke yake, na mfumo uwake mbele yako.